Nembo ni Saini ya Watu Wote

Hotuba iliyotolewa mbele ya wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama, akina baba na vijana wa parishi moja ya Kianglikana, Mombasa

Baba Kasisi, wazee wangu wa kanisa, mama zangu, ndugu zangu na vijana wetu, Bwana asifiwe.

Baraza la parishi limeniagiza nizungumze juu ya nembo: maana yake na namna inavyofaa kutumiwa. Nitashika nembo moja tu, nembo ya dira, ambayo ni ya Ushirika wa Kianglikana ulimwenguni, kwa kuwa ndiyo tunayokutana nayo kwenye vitambaa vya mimbari, kwenye barua, kwenye fulana za vijana na, siku hizi, kwenye picha zinazozunguka katika simu zetu. Mimi si mwanatheolojia, na mbele ya makasisi waliopo hapa sitajifanya mmoja wao. Riziki yangu nimeipata kwa kuandika mabango na kuchonga mihuri, kazi ambayo humlazimisha mtu atazame alama za watu wengine kwa karibu sana, na kutokana nayo nimefikia maoni ambayo ndiyo msingi wa yote nitakayosema: nembo ni saini, na saini hii si ya mtu mmoja. Anayeibandika mahali ameandika hapo majina ya watu wote walio chini yake, waliopo na wasiokuwapo, wanaomjua na wasiomjua. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama nembo itapendeza au itaonekana kutoka mbali, inafaa tuulize kama watu hao wote, lau wangesimama hapo, wangekubali kutia mkono wao.

Tuitazame kwanza. Katikati upo msalaba mwekundu juu ya weupe, msalaba wa Mtakatifu George. Msalaba huo umezungukwa na utepe wenye maandishi ya Kigiriki. Kutoka kwenye utepe zinachomoza ncha za dira kuelekea kila upande, na juu, mahali pa kaskazini, imekaa kofia ya askofu. Rangi zilizozoeleka ni buluu, dhahabu, nyekundu na nyeupe. Basi. Hakuna njiwa, hakuna mwali wa moto, hakuna Biblia iliyofunguliwa wala mikono iliyoshikana, ijapokuwa vyote hivi nimewahi kuombwa nivitie ndani yake na watu wenye nia njema kabisa.

Wengi hudhani kwamba nembo hii ni ya kale kama Kanisa la Uingereza lenyewe, kumbe ni ya karne iliyopita. Aliyeichora ni Kanoni Edward West, Mmarekani aliyehudumu katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana mjini New York. Mwaka 1988, maaskofu wa dunia nzima walipokuwa wakifunga Mkutano wa Lambeth kwa ibada ya Meza ya Bwana, Askofu Mkuu Robert Runcie aliiweka wakfu ndani ya Kanisa Kuu la Canterbury, Uingereza, kilipo kiti cha kiongozi wa Ushirika. Dayosisi yetu ya Mombasa ilikuwa imekwishatimiza miaka 90 wakati huo, kwa kuwa iliundwa mwaka 1898, na Kanisa la Kenya lilikuwa jimbo linalojitegemea tangu mwaka 1970. Nayasema haya kwa sababu huwasikia baadhi ya vijana wakisema kwamba nembo hii tuliletewa pamoja na ukoloni. Ilipowekwa wakfu, sisi tulikuwa tayari tumeketi mezani na wengine.

Lakini hoja ya vijana hao haijaisha hapo, nami naiheshimu. Wanauliza: kwa nini moyoni mwa nembo yetu uwepo msalaba ulio kwenye bendera ya Uingereza? Jibu la kwanza ni la historia tu, kwamba ushirika huu ulianzia katika kanisa la nchi ile, na mtu hafichi nyumba aliyozaliwa. Jibu la pili ni kwamba George mwenyewe hakuwa Mwingereza. Mapokeo yanamtaja kuwa askari wa dola ya Rumi aliyeuawa kwa ajili ya imani yake huko Lida, katika nchi ya Palestina, mwanzoni mwa karne ya 4, na Wahabeshi wanamheshimu mpaka leo bila kujali Waingereza wanasema nini juu yake. Jibu la tatu liko hapa hapa kwetu. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 kwa niaba ya chama cha kimisionari cha Waanglikana, alikuwa Mjerumani. Alikuja na barua ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, iliyomdhamini kwa maliwali wa pwani, na katika mwaka huo huo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga ng'ambo ya pili, upande wa Nyali, ambako kaburi lao linajulikana. Kwa maneno mengine, kanisa hili liliingia mjini likibebwa na mgeni asiye Mwingereza, chini ya dhamana ya mtawala Mwislamu. Tunapoutazama msalaba ule mwekundu, na tuyakumbuke hayo pia.

Juu ya dira sina haja ya kusema mengi kwa watu wa pwani. Mji huu umeishi kwa kaskazi na kusi tangu kabla ya kanisa lolote kujengwa hapa, na manahodha wa Bandari ya Kale walikuwa wakijua pande za dunia kwa nyota walipokosa chombo cha kuwaonyesha. Ninachotaka mkiangalie ni kwamba dira ya kwenye nembo haina sindano. Ina ncha tu, zinazotoka katikati na kwenda pande zote. Haimwambii mtu aende wapi. Inamwambia alikotoka na kwamba upande wowote atakaouelekea ana mwenzake. Ushirika huu leo una makanisa 42 yanayojitawala, na wengi wa waumini wake wako Afrika. Zamani ilidhaniwa kwamba mishale ya dira hii inatoka Canterbury na kuja kwetu, kama barua zinazotumwa na mkubwa kwa wadogo. Lakini katikati ya mchoro hakuna Canterbury. Upo msalaba, na Canterbury ni mojawapo ya mahali palipo kwenye mzingo, sawa na Rabai, kituo cha kale cha misheni hapa karibu na Mombasa.

Kofia ya askofu iliyo juu inahesabiwa kuwa alama ya uongozi wa maaskofu tulioupokea tangu enzi za mitume. Wapo wanaoieleza kwa kusema kwamba askofu ndiye kaskazini yetu. Baba Askofu hayupo leo, kwa hiyo nitasema kwa uhuru, ingawa hata angekuwapo ningelisema: sikubaliani na maelezo hayo. Kofia imewekwa nje ya ncha, mahali ambapo katika ramani za kale mabaharia walichora alama ya kuonyesha kaskazini ili mtu ajue namna ya kuishika karatasi. Ukiipindua nembo, kofia ndiyo itakayokuambia kwamba umeipindua. Hiyo ni kazi kubwa na ya kutosha kwa askofu yeyote.

Tufike sasa kwenye maandishi, ambapo nitakaa kidogo. Ni ahadi ya Bwana Yesu katika Yohana 8:32, kwamba tutaifahamu kweli, na hiyo kweli itatuweka huru. Wengi wetu tunauimba mstari huu bila kukumbuka mstari unaofuata. Wale walioambiwa maneno hayo walichukia. Walimjibu kwamba wao ni uzao wa Ibrahimu na hawajawahi kuwa watumwa wa mtu yeyote, basi ataletaje habari za kuwekwa huru? Jibu kama hilo linaweza kutolewa mahali pengi duniani pasipo aibu, lakini haliwezi kutolewa na Kanisa la Mombasa. Mwaka 1875 chama cha kimisionari kilinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa na kuanzisha makazi ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, makazi yaliyopewa jina la Sir Bartle Frere na ambayo mpaka leo tunayaita Freretown. Kengele iliyotundikwa pale ili kuwaonya wakazi wanapokuja wateka watu bado ipo, na mahali penyewe pakaitwa Kengeleni, ambapo kondakta wa matatu hupataja mara nyingi kwa siku pengine bila kujua anachokitaja. Baadhi ya mliomo humu ni vitukuu wa watu wale. Utepe wa maandishi ulio kwenye nembo, kwa hiyo, kwetu una maana ambayo hata Kanoni West huenda hakuifikiria alipokuwa akichora: waliowekwa huru walikuwa na majina, walilima mashamba Kisauni, na waliijaza Freretown kabla ya Wazungu wengi kuizoea.

Mmoja wao alikuwa William Jones. Alikuwa mtumwa aliyekombolewa akiwa mtoto, akasomeshwa Nasik, nchini India, akarudi pwani, na mwaka 1885 Askofu James Hannington akampa ushemasi. Katika mwaka huo huo alifuatana na askofu huyo kwenye msafara wa kwenda Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, na ikamwangukia Jones kuurudisha msafara nyumbani. Walipokaribia Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886, aliyetangulia mbele alibeba bendera ya buluu iliyoshonwa kwa herufi nyeupe neno moja: Ikabodi, jina la mtoto aliyezaliwa siku ambayo utukufu uliondoka katika Israeli. Sijui mfano mwingine wa matumizi ya alama ambao ni safi kuliko huo. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuagiza kitambaa kizuri. Hakuna jina la kiongozi lililoandikwa. Walioishona walitafuta kitu ambacho kila mtu katika msafara ule, mpagazi na shemasi, angeweza kukitia saini, wakakipata, wakakiweka mbele ili waliokuwa wakingoja Rabai wajue kabla ya kusikia. Kanisa kuu letu la kumbukumbu pale barabara ya Nkrumah, lililowekwa wakfu mwaka 1905, linabeba kumbukumbu ya Hannington. Bendera ya Jones haina jengo, nami naona ni deni letu kuwasimulia watoto.

Nimetaja matumizi safi. Haki ni kutaja na kinyume chake, kwa sababu msalaba uliwahi kufika Mombasa kabla ya Krapf. Merikebu za Vasco da Gama, baharia Mreno, zilizotia nanga nje ya mji huu mwezi wa Aprili mwaka 1498 zilikuwa na msalaba mwekundu wa Shirika la Kristo juu ya matanga yake. Miaka 7 baadaye Francisco de Almeida akaja na jeshi, akauteka mji, akaupora na kuuchoma moto. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga ngome, na ngome hiyo, yenye mizinga iliyoelekezwa baharini na mjini, wakaipa jina la Yesu. Watalii wanalitaja jina hilo bila kushtuka, nasi tumelizoea. Lakini jirani yangu Mwislamu wa Mji wa Kale aliyesoma historia ya mji wake anajua kwamba alama ile ile iliyo kifuani mwangu iliwahi kutia saini moto uliowachoma wazee wake. Sisemi hivyo ili tuone haya kuvaa msalaba. Nasema ili tujue kwamba saini hukaa muda mrefu kuliko aliyeiandika, na kwamba katika mji huu hatuandiki juu ya karatasi tupu. Waliojenga lile kanisa kuu walilielewa jambo hili vizuri. Walilipa matao na kuba vinavyopatana na majengo ya pwani, hata mgeni anayepita haraka huweza kudhani ni msikiti, na hakuna Mkristo aliyepungukiwa na kitu kwa sababu hiyo.

Sasa nije kwenye mambo ya kila siku, na nitaanza na herufi kwa kuwa ni kazi yangu. Mafundi wetu wa kudarizi ni hodari, ila nembo hii huwatesa kwa sababu hawasomi Kigiriki, na mashine nayo haisomi. Nimeshika mikononi mwangu kitambaa cha mimbari, cha hariri nzuri, chenye ncha zilizoshonwa kwa uzi wa dhahabu bila kasoro, ambapo fundi alikuta herufi inayofanana na A isiyo na kijiti cha katikati, akadhani mchoraji alisahau, akamwongezea kijiti. Mbele kidogo alikuta herufi inayofanana na E iliyovunjika, akainyoosha ikawa E kamili. Kwa hisani yake, neno linalotaja kweli likawa si neno tena katika lugha yoyote. Msimlaumu fundi. Aliyempa kazi alimpa picha iliyotolewa kwenye simu, ndogo kama kucha, akamwambia afuatishe. Dawa yake ni rahisi: mchoro ulio safi na mkubwa uhifadhiwe na katibu wa parishi, na fundi apewe huo pamoja na maneno ya Kigiriki yaliyoandikwa kando kwa herufi kubwa. Ikiwa nafasi ni ndogo kiasi kwamba herufi hazitasomeka, kama kwenye kalamu au kwenye beji ya shati, ni afadhali kutumia msalaba peke yake kuliko kutumia nembo yenye kweli iliyoharibika. Hivyo hivyo kwa wale wanaoivuta picha kwenye kompyuta ili ijaze ukurasa mpaka duara ikawa yai. Dira yenye pande zisizolingana imesema jambo jingine kabisa.

Kuhusu rangi sitawachosha. Nyeusi tupu inakubalika kwenye karatasi ya kawaida. Kuibadilisha iwe ya kijani kwa sababu kwaya imevaa kijani si sawa.

Jambo la leso najua limeleta mjadala mrefu kwa akina mama, na baraza limeniomba nitoe maoni. Leso ya sherehe ina pindo, ina mji na ina jina, na shauri lililopo ni kwamba nembo iwekwe katikati ya mji. Wanaopinga wanasema leso hufungwa kiunoni, hukaliwa, humbebea mtoto naye mtoto ana mambo yake, na hatimaye huwa kitambaa cha jikoni. Ninaielewa heshima iliyo ndani ya maneno hayo, lakini ninawakumbusha kwamba kule Canterbury nembo hii imewekwa sakafuni, na watu hupita juu yake kila siku ya Mungu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kuikalia au kuikanyaga ni dhambi kwa asili yake. Tunachoweza kusema, na ninakisema, ni kwamba sisi tuko Mombasa, ambapo kuweka jina la mtu chini ya mguu ni kumtukana, na majirani zetu wakiona msalaba kwenye kipangusio cha miguu watatafsiri kwa desturi ya hapa wala si kwa desturi ya Canterbury. Basi mazulia na vipangusio, hapana. Leso, kwa maoni yangu, ndiyo. Leso iliyombeba mtoto haijashushwa hadhi. Ila nembo iwe moja, nzima, katikati ya mji, isitawanywe kwenye pindo kama maua, kwa maana leso huuzwa kwa doti, nayo doti hukatwa kabla ya kupindwa, na mkasi ukipita pale utaacha nusu ya msalaba huku na nusu kule.

Mama zangu, lililo zito zaidi ni jina la leso, na hapo ndipo nisingependa tuharakishe. Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba jina la leso katika mji huu husema. Linaweza kubariki, linaweza kuasa, na linaweza kumchoma mtu mpaka ahame mtaa. Nembo ikishakaa juu ya jina, jina hilo limesemwa na sisi sote. Nimeonyeshwa majina yaliyopendekezwa. Mengi ni mazuri, na moja, ambalo sitalitaja, ni kijembe kwa wale waliojitenga na kwaya mwaka juzi. Kijembe kile kina ufundi wake, nakiri nilicheka. Lakini hakiwezi kukaa chini ya msalaba, kwa sababu wale wanaochomwa nacho bado ni washarika, na saini yao imo ndani ya nembo ile ile.

Siasa nayo tusiipite kimya, hasa tukikumbuka mabango yanavyojaa Mombasa kila uchaguzi unapokaribia. Mwezi wa Septemba mwaka 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipiga marufuku wanasiasa kupanda kwenye mimbari za kanisa letu. Agizo hilo lilihusu kusema, lakini picha nayo husema. Mheshimiwa aliyekuja kwenye harambee hahitaji hata kufungua kinywa. Mpiga picha wake huinama chini kidogo mbele ya kitambaa cha mimbari, na kutoka pembe hiyo nembo huonekana imekaa kifuani mwa mheshimiwa kama beji aliyotunukiwa. Picha hiyo ikibandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia Changamwe hadi Mtwapa, washarika wote wametiwa saini kwenye kampeni, wakiwemo wale watakaompigia kura mpinzani wake. Napendekeza wageni wa aina hiyo wakaribishwe kwa heshima zote, wapewe kiti na soda baridi, na wasalimie watu kutoka kwenye meza ya kawaida iliyowekwa kando, isiyo na kitambaa chetu.

Kwenye misaada nina maoni ambayo huenda yasiwapendeze vijana wetu waliojitahidi sana wakati wa mafuriko. Sioni sababu ya kubandika nembo kwenye pakiti ya unga. Mtu mwenye njaa anayepokea unga hana nafasi ya kukataa kibandiko kilicho juu yake, na saini ambayo mwingine hawezi kuikataa inafanana zaidi na alama ya kumiliki. Nembo iwe kwenye gari na kwenye fulana ya anayegawa, ili akikosea tujue wa kumshitaki. Pakiti iachwe tupu. Wakati wa Ramadhani, tunapowapelekea majirani tende, nadhani hata fulana si lazima. Wanatujua.

Karatasi za mazishi, kwa upande mwingine, ziwe na nembo bila ubishi, na kwa ukubwa ule ule kwa kila mshiriki. Si haki mzee wa kanisa achapiwe nembo ya rangi inayojaa ukurasa na mama aliyefagia kanisa miaka yote apewe nyeusi iliyofifia pembeni.

Yupo atakayeuliza kama inafaa bado kuitumia nembo ya Ushirika wakati Ushirika wenyewe una mvutano. Ni kweli. Tangu mkutano wa GAFCON, umoja wa Waanglikana wanaoshika msimamo wa kimapokeo, uliofanyika Yerusalemu mwaka 2008, na ule wa Nairobi mwaka 2013, maaskofu wengi wa Afrika wamesema waziwazi kwamba hawaridhiki na mwenendo wa Canterbury, na kanisa letu la Kenya limekuwa mstari wa mbele. Uamuzi wa jambo hilo uko kwa sinodi na nyumba ya maaskofu, na parishi haina mamlaka ya kuufanya kwa mkasi wa fundi cherehani. Mpaka tutakapoagizwa vinginevyo, hatuiondoi kwa hasira wala hatuiongezi kwa ubishi.

Nimalizie na mihuri, ambayo ndiyo mahali nembo inapokuwa saini kwa maana halisi kabisa. Muhuri wa parishi ukigonga cheti cha ubatizo, shule huamini; ukigonga barua ya kumtambulisha mshiriki anayehamia Nakuru au Dar es Salaam, kasisi wa huko humpokea bila kumuuliza zaidi; ukigonga kadi ya mchango, watu hutoa fedha. Kwa sababu hiyo, aliye na muhuri ana mfuko wa watu wote. Katika parishi nyingi za mji huu, yetu ikiwemo, kila kikundi kimejichongea muhuri wake wenye nembo, na wakati mwingine mwenyekiti anapoondoka madarakani huondoka nao kwenye mkoba. Zimewahi kuzunguka sokoni Kongowea kadi za mchango wa ujenzi ambao haukuwahi kujadiliwa popote, zikiwa na dira safi kabisa, herufi zote za Kigiriki mahali pake. Kuna pia mihuri ya zamani yenye herufi za jina tulilokuwa tukilitumia kabla ya mwaka 1998, tulipoanza kuitwa Kanisa Anglikana la Kenya, ambayo mpaka leo hutolewa mtu anapokuwa na haraka.

Baraza limekubali kwamba kuanzia sasa utakuwapo muhuri mmoja wenye nembo, ukae ofisini chini ya funguo mbili, moja ya kasisi na moja ya katibu, na kila unapogongwa iandikwe tarehe, hati iliyogongwa na jina la aliyeomba. Vikundi vitabaki na mihuri yenye jina lao tu. Mihuri mingine yote irudishwe, ya sasa na ya kale, hata ile iliyokauka wino. Isitupwe kwenye taka, kwani mpira wake ukioshwa kwa mafuta ya taa unafanya kazi kama mpya. Mimi ndiye niliyeichonga mingi, najua. Jumamosi asubuhi nitakuwa ofisini na kisu changu. Kila muhuri nitaukata mbele ya aliyeuleta, katikati ya msalaba, na katibu ataandika kwenye daftari umetoka kikundi gani na nani aliukabidhi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.